Mzee Kinyume

Kambini,
Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shikamoo Baba,

Usishtuke kuona mwandiko wangu badala ya kusikia sauti yangu. Simu zetu zimechukuliwa zote. Jana asubuhi walikuja watu watatu wa Kamati ya Nidhamu, wanaume wawili na mama mmoja wa makamo, wakapitisha beseni la vyombo kitanda hadi kitanda, kila mchezaji akatumbukiza simu yake. Simu ya ofisini ipo, ila ukiongea meneja wa timu anakaa pembeni yako na kuhesabu pumzi zako. Kwa hiyo barua hii nampa dada wa jikoni, yeye ataipitisha ofisi ya vifurushi akienda sokoni. Nawe ukinijibu itume kwa jina lake.

Bila shaka mechi uliisikia redioni. Moja bila, dakika za mwisho, na mpira wenyewe ulikuwa wa kudaka huku umefumba macho. Uliniponyoka, Baba. Ulipita katikati ya mikono hii uliyoizoesha mwenyewe kwa kunirushia mapande ya sponji pale karakana nikiwa sijui hata kufunga kamba za viatu. Sababu unaijua: ni kile kidole nilichokueleza kwenye simu siku ya Alhamisi. Kocha hakujua. Nilikizungushia plasta, nikavaa glovu juu yake, nikajitia mzima, maana wachaguzi wa timu ya taifa walikuwa jukwaani, na golikipa wa akiba ananinyemelea kama paka wa buchani.

Sasa wanasema mechi iliuzwa. Wametupanga kwenye ukumbi wa chakula na kutusomea upya sheria ya kubeti. Mchezaji haruhusiwi kubeti mechi za ligi yake, na si yeye tu: mzazi wake, mwenzi wake, mtoto wake na ndugu yake wa tumbo moja, wote marufuku. Walipofika kwenye neno "mzazi" nusura nicheke, nikakukumbuka wewe. Wewe ambaye ukinunua mwavuli mvua inakata msimu mzima! Timu ukiishabikia inashuka daraja. Namshukuru Mungu uliacha kukata mikeka ya kubeti niliposaini mkataba, maana katika yote uliyokata sikumbuki mmoja ambao haukuchanika.

Lakini naogopa, Baba. Kuna mtu alibeti kwamba tutafungwa, na mkeka wake ulikatwa kwenye duka la kubeti la huko huko mjini kwetu. Habari ya kidole nilikwambia wewe peke yako. Je, ulimwambia mtu? Mjomba, kwa mfano? Mjomba akikosa mpira anabeti hata kuku wawili wakigombana. Mpeleleze taratibu. Mama usimwambie, presha itampanda.

Mwanao,
Golikipa


Karakana ya makochi,
Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kwa binti yangu, mama yangu mdogo,

Marahaba. Sisi ni wazima, wanaoumwa ni makochi tu. Barua yako imenikuta na misumari mdomoni, nusura niimeze. Nina kochi la mwalimu mkuu hapa, limebonyea upande mmoja tu, upande wa mkewe, lakini nani atathubutu kumwambia? Nimesema ni kasoro ya mbao.

Habari ya kidole sikumwambia mtu. Hata mama yako hajui. Mjomba wako mdomo wake hauna mlango wala dirisha, hilo nakubali, lakini mimi sikumwambia kitu, na nisingependa asingiziwe. Mikeka niliacha kama unavyojua.

Lile goli lisikutese. Si kosa lako. Kuna siku mkosi wa mtu unamhama bila kuaga, na siku yenyewe ndiyo hiyo asiyotaka umhame. Sijui kwa nini naandika hivi, labda ni harufu ya gundi. Siku hizi inanipanda kichwani na usingizi sipati.

Nina maswali mawili. Si yangu, ni ya wazee wa hapa kijiweni, unawajua wanavyopenda kujua sheria. La kwanza: sheria hiyo inamhesabu mzazi aliyebeti timu ya mwanawe ishinde, au hata yule aliyebeti ifungwe? Kwa sababu huyu wa pili, ukimtazama vizuri, anatupa tu pesa yake, hana anachotafuta. La pili: mtu mkeka wake ukitiki akapata, naye asiende kuchukua chochote, bado anahesabiwa kuwa alibeti?

Nijibu upesi. Wazee wana haraka.

Kidole ukikande kwa maji ya moto yenye chumvi.

Baba yako,
Fundi


Kambini,
Jumanne, tarehe 11 Machi

Shikamoo Baba,

Waambie wazee wako kwamba sheria haina huruma na yeyote. Ishinde, ifungwe, itoke sare, uchukue usichukue, mzazi akikata mkeka amevunja sheria. Mimi mwenyewe nimeuliza, na nimejuta kuuliza, kwa sababu yule mama wa Kamati aliweka kalamu chini akanitazama. Akasema, "Swali zuri. Nani amekutuma?" Nikasema ni wazee wa kijiweni kwa baba. Akaandika.

Jana walinihoji tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana kikapoa. Ni kile chumba cha kuchulia misuli, wameondoa kitanda wakaweka meza, lakini harufu ya dawa ya kuchua ipo vile vile. Mambo ni mabaya kuliko nilivyodhani. Si mkeka mmoja. Ni msimu mzima, Baba! Kila mechi tuliyocheza, kuna mtu huko nyumbani alikata mkeka kwamba sisi tutafungwa. Tukishinda anarudi. Tukishinda tena anarudi. Karani wa duka hajui jina lake, ila hapo dukani wanamwita Mzee Kinyume, kwa vile anakwenda kinyume na wenzake wote wa mtaa. Siku ile tulipofungwa ndipo alipopata kwa mara ya kwanza, na tangu hapo hajatokea tena.

Unamjua mtu wa jina hilo? Mwili unanisisimka nikimfikiria. Kuna mtu anakaa mji mmoja na wazazi wangu na kila wiki anatoa pesa mfukoni akiomba nianguke. Nimemkosea nini?

Sikiliza hili kwa makini. Wamesema Mzee Kinyume akiwa ni mtu wangu anayekatazwa, yapo mambo mawili. Akijitaja kwa kinywa chake kabla hajaapishwa, yeye ataonywa na mimi nitakosa mechi chache. Akiapa uongo, yeye ni mahakamani na jela, na mimi sitagusa mpira wa ligi yoyote maisha yangu yote. Nikawaambia hakuna haja ya kutishana, baba yangu yuko tayari kuapa mchana kweupe kwamba nyumbani kwetu habeti mtu. Watakuja kukuapisha Ijumaa ya tarehe 21. Vaa lile shati jeupe.

Na usinikasirikie: nimewatajia jina la Mjomba. Walinibana mno. Nilihitaji kutaja mtu.

Mwanao,
Golikipa


Nyumbani,
Ijumaa, tarehe 14 Machi

Wewe binti,

Salamu utazipata mwishoni kama zitabaki. Barua zinapita juu ya kichwa changu, baba yako anazisomea chooni, eti presha yangu. Presha yangu mnaipandisha nyinyi wawili kwa kuninong'onea.

Jana walimchukua mjomba wako. Mdogo wangu, ambaye akiugua tumbo anakuja kulala kwangu. Wamemkalisha ofisi ya serikali ya mtaa kutwa nzima. Amerudi jioni anacheka, unamjua hana aibu. Anasema wamemsomea orodha ya wanaokatazwa, na mjomba hayumo. Mzazi yumo, ndugu wa tumbo moja yumo, mjomba kapita pembeni kama maji ya mfereji. Akamwambia baba yako, "Shemeji, kama wanatafuta mwenye mikeka, niandikeni mimi. Mimi ni halali yangu. Mwanetu acheze." Nami nikasema, haya, tatizo limekwisha, tule.

Baba yako hakula. Alimsukumia mjomba wako sahani yake akarudi karakana.

Sasa niambie kuna nini, maana mimi nimeolewa na yule mtu lakini anayemjua ni wewe. Wiki ya pili hii anakaa na nyundo mkononi bila kupiga msumari. Kochi la mwalimu mkuu limelala chali, miguu juu, kama mende. Mteja akibisha hodi anaruka.

Na kuna jambo jingine, labda halina maana. Msimu huu wote, timu yako ikicheza hawezi kukaa karibu na redio. Anachukua kofia yake, anasema anakwenda kununua misumari. Kopo la misumari lakini halijai. Nikajua ana mwanamke. Siku moja nikamzuia mlangoni, nikamwambia leo tunasikiliza pamoja. Akaniambia, macho yamemtoka, "Mama Golikipa, wewe hujui. Timu ninayoitaka ishinde hufungwa. Unataka nimpe mtoto mkosi huu? Niache niende nikauache kwingine." Nikamwacha aende. Nilidhani anakwenda kusali.

Ulipomtaja mdogo wangu ulifikiri nini? Nijibu hilo pia.

Salamu zimebaki kidogo: wewe bado ni mwanangu.

Mama yako


Kambini,
Jumapili, tarehe 16 Machi

Baba,

Soma barua hii peke yako, kisha ichome kwenye jiko la gundi. Na usiniandikie chochote cha kukiri, hapa sasa wanafungua kila kitu isipokuwa vitu vya jikoni.

Nimejua. Mama ameniandikia habari ya misumari, na mimi mwanao si mjinga, ila nilikuwa sitaki kujua. Ni wewe. Kila mechi ulibeti tufungwe, ili mkosi wako ukae kwenye mkeka na mimi nishinde. Nimecheka, Baba. Halafu nikalia. Halafu nikaogopa, na mpaka sasa sijaacha. Kila mlango ukigongwa najua wamekufuata.

Nimekukasirikia pia, tusidanganyane. Uliniambia umeacha. Ulinijibu "mikeka niliacha kama unavyojua" na wino haujakauka ukaniuliza maswali ya wazee. Wazee gani? Mtu mzima hovyo!

Sasa nisikilize. Mjomba amejitolea, na sheria haimgusi. Ijumaa wakija, sema humjui Mzee Kinyume. Wakikubana, sema ni Mjomba. Wakikuapisha, apa. Najua wewe hata kwa mteja huapi, unasema kiapo si sponji la kubonyeza utakavyo. Lakini nakupigia magoti. Orodha ya timu ya taifa inatoka mwisho wa mwezi. Mimi sijui kazi nyingine zaidi ya kusimama kati ya milingoti mitatu. Wakiniondoa hapo, sijui nitakuwa nani.

Hujawahi kuninyima kitu. Usianze na hiki.

Mwanao


Kambini,
Jumanne, tarehe 18 Machi, asubuhi

Shikamoo Baba,

Barua ya Jumapili isahau. Ikiwa imefika, fanya kama haikufika. Usiape! Naanza na hilo ili hata karatasi hii ikilowa uwe umelisoma.

Jana mchana yule mama wa Kamati aliniita tena, safari hii tulikuwa wawili tu. Akatandaza mezani nakala za mikeka yote ya Mzee Kinyume, kama mtu anayeanika dagaa. Nilikalia mikono yangu. Hakunikemea. Akasema, "Mimi kazi hii nimeifanya muda mrefu. Anayejua siri ya mechi anaweka pesa ya kujenga nyumba. Huyu kila mara anaweka bei ya kikombe cha chai. Na alipopata hakuja kuchukua. Mtu huyu hatafuti pesa. Mtu huyu ana mtu wake humu ndani, na anamwogopea."

Baba, nilijikaza, nikashindwa. Nililia kama nilivyolia siku uliyonipeleka kung'olewa jino. Nikamwambia kila kitu: mkosi, mwavuli, misumari, kidole. Nikamwambia Mzee Kinyume ni baba yangu na kwamba ananipenda vibaya. Alicheka kidogo, kisha akafuta macho, kisha akawa mtu wa Kamati tena.

Akasema mimi kukutaja haitoshi. Sheria inataka ujitaje wewe, kwa kinywa chako, kabla ya kiapo. Ukifanya hivyo utaonywa kwa maandishi, mimi nitakosa mechi sita, na wachaguzi watajua kwamba goli lile lilikuwa la kidole. Mechi sita, Baba! Nitazikaa benchi nikila karanga. Nikamwomba aniruhusu nikupigie simu, akasema hapana, wakigundua nimekuandaa utaratibu wote unaharibika. Akasema atakuuliza vizuri, atakupa nafasi. Na safari ni ile ile ya Ijumaa.

Kwa hiyo akikuuliza, sema ndiyo. Neno moja tu. Usiogope chochote. Dada wa jikoni ameniapia kwamba barua hii utakuwa nayo Alhamisi. Mjomba nitamwomba radhi mwenyewe nikirudi.

Nimelala usingizi jana, wa kwanza tangu mwezi uanze.

Mwanao akupendaye,
Golikipa


Karakana,
Jumanne, tarehe 18 Machi, jioni

Mwanangu, mama yangu mdogo,

Barua yako ya Jumapili ilinifikia leo asubuhi, nikaisoma nikiwa nimekaa juu ya marobota ya sponji, na nikaichoma kama ulivyosema. Umenitukana sawasawa, mtu mzima hovyo ndiye mimi. Lakini nikwambie ukweli sasa, maana hatuna cha kuogopa tena: sikuwa nikibeti. Nilikuwa nikikulinda. Ulikuwa unashinda, nami nautazama mkeka umechanika, narudi nyumbani nimevimba kichwa kana kwamba nimedaka mimi. Jumamosi ile mkeka ulipotiki nilihisi nimekuvunja kidole kwa mkono wangu. Nilikaa nje ya duka mpaka wakafunga.

Haya, sikiliza habari njema. Hawakungoja Ijumaa. Wamekuja leo alasiri, yule mama uliyemtaja na mwanamume mmoja wa kuandika, eti wakubwa wao wanataka ripoti mapema. Sikuwa na shati jeupe, nilikuwa na vesti na gundi mpaka viwikoni. Niliogopa, mwanangu, usinicheke. Mama yako aliwawekea viti, lakini wao wakakalia kochi la mwalimu mkuu nililoligeuza asubuhi, nikasema moyoni Mungu wangu lisije likadidimia.

Yule mama si mkali kama ulivyonitisha. Ananipa pole ya kazi, anauliza nilikufundisha vipi kudaka. Kisha akaniuliza kama namjua Mzee Kinyume. Nikasema simjui. Akaangalia mikono yangu. Akasema, "Mzee, hakuna atakayekufunga kwa kusema ukweli. Fikiri kwanza." Nikasema nimefikiri, ni shemeji yangu. Mwenzake akatoa karatasi ya kiapo. Yule mama akaishika, hakunipa mara moja. Akaniuliza tena, na tena mara ya tatu, "Mzee wangu, una uhakika?" Ile mara ya tatu sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeniomba kitu, na mimi sikukielewa. Nilimhurumia. Nilidhani ni uchovu wa safari.

Basi nikakumbuka maneno yako, kwamba sijawahi kukunyima kitu. Nikanyoosha mkono nikaapa, kwa sauti, hata mama yako jikoni alisikia. Nikatia sahihi.

Yule mama aliondoka bila kuniaga, chai yake hakuigusa.

Yamekwisha, mwanangu. Wewe cheza mpira wako.

Baba yako,
Fundi